SOMO LA AFYA: MZEE ALIYEVUNJIKA NYONGA ATIBIWE NA MIFUPA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wenye wazee majumbani wanakumbushwa kuwa kuungwa mfupa uliovunjika ni nusu tu ya matibabu. Mzee anayevunjika nyonga kwa kuteleza ukumbini, bila ya ajali kubwa, huwa ameonyesha dalili ya maradhi ya kudhoofika mifupa, yaitwayo osteoporosisi. Mfupa hupoteza madini yake kidogo kidogo, pasipo maumivu, mpaka siku unapovunjika. Asipotibiwa maradhi hayo, mgonjwa hubaki katika hatari kubwa ya kuvunjika tena, ikiwemo nyonga ya pili. Kwa hiyo jamaa wazingatie yafuatayo:

(a) Dawa. Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali, daktari aulizwe juu ya dawa ya kuimarisha mifupa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wagonjwa waliopewa asidi ya zoledroniki kwa njia ya mshipa mara moja kwa mwaka, kuanzia ndani ya siku 90 baada ya operesheni ya nyonga, walipunguziwa hatari ya kuvunjika tena kwa asilimia 35, na ya kufariki kwa asilimia 28. Figo na kiwango cha vitamini D huangaliwa kwanza. Anayepewa vidonge vya alendronati vya kila wiki avimeze asubuhi kabla ya kula, kwa gilasi nzima ya maji matupu, wala asilale kwa nusu saa, kwani huweza kuunguza njia ya chakula. Mwezi wa Ramadhani aulize saa ifaayo.

(b) Chakula. Mzee huhitaji kalsiamu kiasi cha miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Apewe maziwa, mtindi, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao. Tena asikose samaki, mayai au maharage. Asiyetoka nje hukosa vitamini D itokanayo na jua, na huenda akahitaji vidonge.

(c) Kutembea. Jamaa wengi, kwa huruma, humwacha mgonjwa kitandani na kumfanyia kila kitu. Huruma hiyo humdhuru. Kulala sana hudhoofisha misuli na mifupa, huleta vidonda na kuganda kwa damu. Asimame na kutembea kwa mkongojo mapema, kama atakavyoelekezwa.

(d) Nyumba. Njia ya chooni iwe na taa na mahali pa kushika. Maji yafutwe sakafuni, mikeka iliyokunjika iondolewe, na kandambili zilizolika zitupwe. Macho yapimwe, na daktari aelezwe dawa zinazomtia kizunguzungu.

Mwisho, dawa isiachwe kwa sababu maumivu ya nyonga yamekwisha. Maradhi haya yaliingia kimya kimya, na ukimya wake si dalili ya kupona.