Moyo Kwenda Mbio na Kizunguzungu

Moyo ukidunda mbio na kichwa kikizunguka, wengi wetu husema ni pepo au tumerogwa. Tusikimbilie huko. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa damu, hasa kwa mama mjamzito. Au malaria, njaa, kuharisha na kukosa maji mwilini. Hofu ya yale tuliyoyaona vitani nayo huusukuma moyo, hata usiku. Hiyo si dhambi wala si kukosa imani. Lakini mtu akizimia, kifua kikimwuma au akikosa pumzi, tusingoje ibada iishe: tumpeleke zahanati mara moja, tukimwombea njiani. Hata Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu (Kol. 4:14).