SOMO LA MWEZI: KIFAA CHA KUFUATILIA GARI NA HAKI YA DEREVA



Malori ya viwanda na matrekta ya mashamba siku hizi hufungwa kifaa kinachomwonyesha mwajiri gari liko wapi. Tujifunze jambo hili, maana asiyejua haki yake hawezi kuidai.

1. Kinafanyaje kazi? Angani zipo setelaiti za Marekani, mpango wa GPS. Urusi, Ulaya na China nazo zina zao. Kila setelaiti hutoa ishara yenye saa sahihi kabisa. Kifaa kikipokea ishara za setelaiti nne, hupiga hesabu kujua kilipo. Setelaiti hazimwoni dereva. Ni kifaa chenyewe kinachopeleka habari, kwa njia ya mtandao wa simu, hadi kwa kampuni ya ufuatiliaji. Ishara ya angani ni bure. Kinacholipiwa ni habari za mwendo wetu.

2. Sheria yasemaje? Kenya na Uganda zilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Mtu ana haki ya kuambiwa habari zake ni za kazi gani, kuziona, na kudai makosa yasahihishwe.

3. Mfano wa Ureno. Mfanyakazi wa kampuni ya dawa alifukuzwa mwaka 2014 kwa habari za kifaa kilichofungwa katika gari la kampuni. Desemba 2022 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, kwa majaji 4 dhidi ya 3, kwamba haki yake haikuvunjwa: alijua kifaa kipo, na mahakama ya kwao ilitumia hesabu ya kilomita tu. Basi kujulishwa peke yake si ngao. Masharti yaandikwe.

4. Tudai nini katika mkataba wa pamoja?
(a) Kazi ya kifaa itajwe.
(b) Isemwe nani anaona habari, na zitunzwe muda gani.
(c) Nje ya saa za kazi kisitumike kumfuata mtu.
(d) Asiadhibiwe mtu kabla ya kuonyeshwa habari hizo na kujitetea mbele ya mwakilishi wa chama.
(e) Habari hizo zitumike pia kudai malipo ya saa za ziada. Kifaa kinachoonyesha dereva alisimama mchana, kinaonyesha pia aliendesha hadi usiku.

Swali la kujadili tawini: Je, mkataba wetu unasema lolote juu ya kifaa hiki?

Umoja ni nguvu.