Pua ya Simba na Namba Sitini

Darubini yangu ya kwanza ya miguu mitatu niliinunua Kariakoo, wiki mbili kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa tarehe 1 Julai. Boksi lake liliandikwa kwa rangi ya dhahabu: 20-60x60. Muuzaji aliielekeza kwenye bango lililokuwa upande wa pili wa mtaa, nikasoma mpaka namba ya simu iliyokuwa chini kabisa, nikalipa. Wala sikuomba anipunguzie.

Nisizungumze kama kila mtu anaijua. Siyo ile ya macho mawili inayoning'inia shingoni, na siyo ile inayofungwa juu ya bunduki. Hii ni ya jicho moja, nene kama chupa ya chai, nayo hukaa kwenye stendi. Kambini tunaiita skopu. Mwindaji anahitaji kitu kama hiki kwa sababu moja ambayo haimo kwenye matangazo: anayetumia darubini ya bunduki kuchungulia kilichoko kichakani ameshakielekezea mtutu, na kichakani mara nyingine huwa kuna mrina asali.

Mwaka huo nilikuwa msaidizi wa mwindaji bingwa katika kitalu kimoja cha Maswa, pori linalopakana na Serengeti. Haya ndiyo niliyojifunza tangu hapo, mengine kwa aibu.

1. Usisome namba ya kwanza kabla ya namba ya mwisho

Siku ya nne alfajiri tulikuwa juu ya mwamba, mita kama 300 kutoka kwenye chambo. Simba dume alikuwa amelala kando yake, manyoya ya shingo yamejaa vizuri. Mgeni wetu alishaanza kuhema kwa nguvu. Lakini kanuni za Tanzania zinataka simba anayewindwa awe ametimiza miaka 6, na manyoya ya shingo ni shahidi asiyeaminika. Pua ina nafuu. Utafiti wa simba wa Serengeti na Ngorongoro uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2004 ulionyesha kwamba pua ya simba mchanga ni ya waridi, kisha madoa meusi huzidi kuenea kadiri umri unavyosogea. Weusi ukishavuka nusu, kwa kawaida mnyama ana miaka 5 au zaidi. Kwa hiyo kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kuangalia pua, basi.

Nikazungusha mpaka 60. Giza. Nikarudi 40, nikaona kichwa cha rangi ya majivu. Bosi akanong'ona, "Pua?" Nikamjibu sioni. Akasubiri, akauliza tena, nikamjibu vilevile. "Basi, twende zetu." Jua lilipopanda vya kutosha, simba alikuwa ameshaingia vichakani.

Hesabu yake ningeweza kuifanya palepale dukani, kwa kidole kwenye vumbi la kaunta. Namba ya mwisho, ile 60 ya pili, ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Igawe kwa kiasi unachokuza, utapata upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho lako. 60 kwa 60 ni milimita 1. 60 kwa 20 ni milimita 3. Mboni ya jicho la binadamu gizani hufunguka mpaka milimita 5 au hata 7 kwa kijana, kwa hiyo nilikuwa nalipa jicho langu mshahara wa njaa. Na kwa kuwa mwanga hupimwa kwa eneo la duara, siyo upana wake, kwenye 60 nilikuwa napata sehemu moja ya tisa ya mwanga ambao ningeupata kwenye 20. Lenzi ya milimita 80 ikikuza mara 20 inatoa duara la milimita 4. Hilo ndilo linaloonyesha pua alfajiri.

Tena mara 20 siyo kidogo. Simba wa mita 300 anakuja kama yuko mita 15. Ukimwona simba kwa mita 15 na bado unalalamika hayuko karibu, tatizo lako ni jingine.

2. Saa sita mchana hakuna darubini ya bei ghali

Mgeni akifika kambini, kabla ya lolote, bunduki zake hujaribiwa. Safari ya ndege inaweza kuhamisha shabaha, na hakuna anayetaka kugundua hilo mbele ya nyati. Tunaweka ubao mita 100, wakati mwingine 200, yeye analala kwenye mifuko ya mchanga, mimi nakaa pembeni na skopu na kumwambia: juu kidogo, kulia sentimita 4.

Siku moja tulichelewa, tukafanya kazi hiyo saa sita. Kwenye 60 karatasi ilikuwa inacheza kama nguo kwenye kamba. Nikalaumu lenzi, nikaifuta, nikailaumu tena. Kumbe yalikuwa mazigazi: hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na ukikuza picha unayakuza pamoja nayo. Nilipoteremka mpaka 25 karatasi ikatulia kiasi cha kusomeka. Tangu hapo bunduki tunazijaribu saa moja na nusu asubuhi, umande ukiwapo.

Wanaolenga shabaha za mbali wana urafiki na mazigazi hayohayo. Hurudisha lenzi nyuma kidogo, ione hewa iliyo mbele ya ubao badala ya ubao wenyewe. Yale mawimbi yakikimbia kulia, upepo unakwenda kulia. Yakichemka wima kama maji ya ugali, ama upepo umekufa ama unakuja moja kwa moja usoni au mgongoni. Nimejaribu, na ninakiri bado nategemea zaidi vumbi ninalolimwaga kutoka kiganjani.

3. Nusu ya darubini ni miguu yake

Ile ya Kariakoo ilikuja na kistendi cha mezani chenye urefu wa shubiri moja na nusu. Kwenye meza ya baa kingefaa. Kwenye nyasi za mwezi Julai zinazofika kiunoni, nilikuwa naangalia nyasi. Nikanunua stendi ndefu ya wapiga picha za harusi, nyepesi mno, na upepo wa jioni ukaifanya itetemeke. Ukikuza mara 40, mtikisiko nao umekuzwa mara 40.

Leo ninapoulizwa bajeti igawanywe vipi, nasema theluthi nzima iende kwenye stendi na kichwa chake, na watu hunitazama kama nimekula bangi. Chagua inayosimama imara bila kurefusha ule mguu wa katikati. Ning'iniza chini yake mfuko uliojaa mawe. Na dereva azime injini! Land Cruiser ya dizeli ikiunguruma, hata darubini iliyofungwa dirishani kwa kibanio haikusaidii kitu. Nilichukua msimu mzima kuelewa kwa nini picha "inaharibika" kila tukikaa ndani ya gari.

4. Iliyonyooka au iliyopinda

Hapa watu hugombana kama Simba na Yanga. Iliyonyooka unaangalia unakoelekea. Iliyopinda unainamia kutoka juu, kama mtu anayechungulia sufuria. Kwa anayefanya kazi garini, iliyonyooka ni rahisi, maana unaelekeza tu na mnyama yumo.

Mimi niliamuliwa na nzohe. Msimu uliofuata nilihamia Moyowosi, magharibi, kwenye mabwawa ya mafunjo. Nzohe ni swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame. Hafuatwi kwa miguu. Unajenga dungu, lilelile la kuwingia ndege kwenye mpunga, unapanda kabla hakujapambazuka na kukaa kimya. Dume ndiye mwenye pembe, na pembe zake zimepinda, ncha zake nyeupe. Sasa fikiria mafunjo elfu, kila moja limesimama kama pembe, na nusu yake yamepinda.

Dunguni tulikuwa watatu: mimi mfupi, mgeni mrefu kama mlingoti, na mzee wetu wa nyayo, aliyetegemea macho yake tu. Kwa ile iliyonyooka ilibidi kila mimi na mgeni tukibadilishana stendi ipandishwe au ishushwe, mbao zinalia, na nzohe ana masikio. Ile iliyopinda ya mgeni iliwekwa chini mara moja, sisi wawili tukainama kila mmoja kadiri ya urefu wake. Stendi fupi pia haitikisiki sana.

Ubaya wake ni kumpata mnyama. Unaangalia chini huku yeye yuko mbele, na mwanzoni nilikuwa nazunguka bwawa zima kama ndege aliyepotea. Dawa yake nimeiona kwa wengi: funga kamba ya plastiki kuzunguka bomba, acha ncha isimame juu, uitumie kama nukta ya kulengea. Anza na kiwango cha chini kabisa cha kukuza, mpate, ndipo ukuze.

5. Kama unalenga ubao tu, okoa pesa yako

Tundu la risasi ya .22 lina upana wa milimita 5 na nusu hivi. La .375, bunduki ya nyati, ni milimita 9 na nusu. Kwa mita 100 darubini ya kawaida yenye lenzi ya milimita 60, ikikuza mara 20 mpaka 30, inayaona yote mawili. Kwa mita 50 hata ya macho mawili inatosha ukiipumzisha juu ya kitu. Mita 300 ndipo .22 inapoanza kukutoa jasho na kioo kizuri kinapojieleza.

Lakini wengi wanaodhani wanahitaji lenzi kubwa wanahitaji karatasi nyingine. Tundu jeusi ndani ya duara jeusi halionekani. Chora duara la rangi ya chungwa, au acha duara liwe tupu katikati. Marekani wana stika ambazo risasi ikipita hupasua rangi na kuacha alama ya njano; mgeni akileta pakiti naomba zilizobaki.

6. Kwenye miombo, iache kambini

Nilibeba kilo tatu na nusu, stendi ikiwemo, siku nne nikifuata palahala Rungwa huku mbung'o wakinila. Hakuna mahali nilipoona zaidi ya mita 120. Ya shingoni ilitosha.

7. Dukani omba kutoka nje

Ndani ya duka kila kioo ni kizuri, na bango la mtaani lenye jua la saa nne halipimi chochote. Omba uielekeze kwenye majani ya mnazi dhidi ya anga jeupe: ukiona ukingo wa zambarau au kijani kuzunguka kila jani, kioo ni cha kawaida. Vile vizuri huandikwa ED au HD, au hutumia floraiti kama Kowa TSN-883 ya Japani, ingawa herufi hizo zinaweza kubandikwa na yeyote, kwa hiyo amini majani kuliko boksi. Halafu kuza mpaka mwisho. Ikiwa maandishi yanazidi kuwa makubwa bila kuongezeka kusomeka, hapo ndipo darubini hiyo inapoishia, hata kama kipete kinaendelea kuzunguka.

Mwenye miwani aangalie nayo usoni. Lenzi ya jicho ikikutaka uibusu ndipo uone duara zima, utavua miwani mara hamsini kwa siku. Tafuta inayokuruhusu kukaa milimita 15 mpaka 18 mbali.

Ya mtumba siikatai; ninayotumia sasa niliinunua kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi Austria, kwa bei ya bodaboda moja na nusu. Ila imulike kwa tochi kutoka mbele. Nyuzi kama za buibui ndani ni kuvu, na pwani kwetu kuvu hao hawahitaji kukaribishwa. Usiifungie kwenye begi lake la ngozi ikiwa na unyevu. Yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na vifuko vya kunyonya unyevu nimeviokota kwenye maboksi ya viatu.

8. Bado ni pua

Msimu wa tano nilirudi Maswa. Mwamba siyo uleule ila unafanana, chambo umbali uleule, saa kumi na mbili na robo. Dume mkubwa, manyoya meusi mpaka kifuani. Lenzi ya 80 niliiacha kwenye 20, na sikuishika. Pua ilikuwepo, na ilikuwa ya waridi, yenye madoa machache kama pilipili manga iliyomwagwa juu ya nyama.

Bosi akaangalia, akatikisa kichwa. Mgeni akaangalia kwa muda mrefu, akasema kitu kwa lugha yake, akaweka bunduki chini na kuomba kupiga picha kwa simu kupitia lenzi. Mzee wa nyayo, ambaye kwa miaka yote hajawahi kukubali kuweka jicho kwenye "bomba lenu", alisogea mwenyewe, akainama, akafunga jicho lisilotakiwa. Ilibidi nimwelekeze afunge la kushoto.

Akakaa hapo. Tukasubiri. Kisha akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika, na stendi nayo.

"Kumbe mtoto," akasema. "Anajipaka masizi tu."