Programu Imeuawa na RAM Bado Ipo? Kagua Kikundi Chake

Seva ina RAM tele, lakini programu inauawa kila mara. Kabla hujaagiza RAM nyingine, fungua terminali. Tangu toleo 2.6.24 la mwaka 2008, kerneli ya Linux inaweza kuipanga michakato katika vikundi vya udhibiti (cgroup), na leo kila kikundi kinaweza kuwa na mgawo wake wa kumbukumbu na prosesa. Amri ya `free` haikuonyeshi mgawo huo.

1. Jua kwanza toleo la cgroup. Andika `stat -fc %T /sys/fs/cgroup`. Ukijibiwa `cgroup2fs`, ni toleo la 2, na vidokezo hivi vinakuhusu moja kwa moja. Ukijibiwa `tmpfs`, bado kuna toleo la 1, na majina ya faili ni mengine.

2. Tafuta mchakato unakaa wapi. Chukua namba yake kwa `pgrep nginx`, kisha, tuseme ni 1432, andika `cat /proc/1432/cgroup`. Utapata kitu kama `0::/system.slice/nginx.service`. Tanguliza `/sys/fs/cgroup` mbele ya njia hiyo, na folda yenyewe umeipata. Ukiwa ndani ya kontena huenda ukaona `0::/` peke yake. Toka nje, ukague kutoka kwenye seva mwenyeji.

3. Soma faili. Zote ni maandishi ya kawaida, `cat` inatosha. `memory.max` ni kikomo kwa baiti: 536870912 ni MiB 512, na neno `max` maana yake hakuna kikomo. `memory.current` ni kinachotumika sasa. `cpu.max` ikisema `50000 100000`, kikundi kimeruhusiwa mikrosekunde 50000 katika kila 100000, yaani nusu ya kiini kimoja cha prosesa.

4. Panda juu. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo ningependa ukae zaidi. Huduma inaweza kuandikwa `max` huku `system.slice` iliyo juu yake imewekewa GiB 2 za kugawana na huduma nyingine zote. Mtoto havuki kikomo cha mzazi. Kagua ngazi zote kwa mpigo:

`d=/sys/fs/cgroup/system.slice/nginx.service`
`while [ -f $d/memory.max ]; do echo $d $(cat $d/memory.max); d=$(dirname $d); done`

Itasimama yenyewe ikifika kwenye mzizi, kwa sababu mzizi hauna faili hiyo.

5. Soma `memory.events`, ushahidi umo humo. `oom_kill` huhesabu michakato ya kikundi hiki iliyouawa kwa uhaba wa kumbukumbu, na `oom` huhesabu mara ambazo kikomo cha kikundi chenyewe ndicho kilichogota. Ukikuta `oom 0` na `oom_kill 1`, usihangaike kuongeza kikomo cha huduma: amri ya kuua imetoka juu, kwa mzazi au kwenye seva nzima. Programu ikiwa nzito tu bila kufa, tazama `nr_throttled` ndani ya `cpu.stat`.

6. Kwa picha ya jumla, `systemd-cgls` huchora mti mzima, na `systemd-cgtop` huonyesha nani anakula nini kwa wakati huo.

7. Soma kabla hujaiwasha huduma upya. Inapozimwa, systemd hufuta kikundi chake, na hesabu zote huenda nacho. Ukiwa umechelewa, jaribu `journalctl -k`: kerneli huandika humo jina la mchakato iliouua na kikundi ulichokuwemo.