Sinthi za kompyuta: ninunue ipi?

*Natengeneza midundo chumbani kwangu hapa Kabwe, wilayani Nkasi, kwa laptop yenye RAM ya GB 4. Rafiki kanipa flashi yenye sinthi kibao zilizokrakiwa. Nikifungua mbili tatu, sauti inakwaruza na mashine inaganda. Ninunue ipi?*
*Msomaji, Kabwe*

Usinunue kwanza.

Sinthi ni programu ya kutengeneza sauti za ala, na kwa kawaida haichezi sauti iliyorekodiwa. Hukokotoa kila noti papo hapo. Prosesa ikichelewa kidogo tu, spika hukosa cha kupiga, ndipo unasikia mkwaruzo. Kwenye mipangilio ya sauti, pandisha bafa (buffer size) hadi 512 au 1024, prosesa ipate muda zaidi. Ukiridhika na besi, igeuze kuwa faili la WAV, kisha zima sinthi yake.

Flashi hiyo mrudishie mwenyewe. Programu zilizokrakiwa mara nyingi hubeba virusi, na zikigoma huna wa kumlalamikia.

Badala yake, pakua sinthi iitwayo Dexed kwenye tovuti ya watengenezaji. Ni ya bure, ni nyepesi, na huiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, kinanda cha sauti za kengele na besi kavu. Surge XT nayo ni bure. Vital ina toleo la bure na ni tamu kweli, ila itaielemea mashine yako. Kama midundo unaitengenezea kwenye programu ya FL Studio, sinthi yake ya FLEX unayo tayari. Wengi huipuuza bila sababu. Mimi ningekaa na Dexed mpaka niijue vizuri.

Sauti ikikwaruza hata ukifungua sinthi moja, mpelekee fundi laptop, Namanyere au Sumbawanga, asafishe feni, maana joto hupunguza kasi ya prosesa. Hela uliyotenga kwa sinthi, ongezea RAM ifike GB 8.