SOMO: JE, MIKARAFUU YETU YACHANGANYA DAMU?

Mwanachama akiokota mpeta chini ya mti mmoja uzaao sana na kuotesha miche 200, atapata miti mingi, lakini huenda yote ikawa ya damu moja, kwani ua la mkarafuu laweza kujizalisha kwa ungaunga wake wenyewe. Twajuaje basi kama shamba lachanganya damu?

Hesabu yake ilipatikana mwaka 1908 na watu wawili, kila mmoja mbali na mwenziwe: G. H. Hardy, bingwa wa hesabu wa Uingereza, na Wilhelm Weinberg, tabibu wa Ujerumani. Kila mti hurithi chembe mbili, moja ya upande wa mama, moja ya upande wa baba. Tuziite K na L. Kwa macho hazionekani. Majani hayana budi kupelekwa maabara.

Tuseme, kwa mfano tu, miti 100 imepimwa: KK 40, KL 20, LL 40. Chembe zote ni 200, na K ni 100, yaani nusu. Kama miti ingezaana bila kubagua, KK ingekuwa nusu ya nusu, yaani miti 25, LL pia 25, KL 50. Sasa twaa tofauti ya kila aina, izidishe kwa yenyewe, kisha gawa kwa hesabu iliyotarajiwa. KK yatoa 9, KL 18, LL 9; jumla 36. Mpaka ni 3.84. Tumeupita mbali: shamba hili halimo katika urari.

Tusikimbilie kusema miti yajizalisha yenyewe. Majani ya mashamba mawili yenye asili mbalimbali, yakitiwa katika kapu moja, hutoa upungufu uo huo wa KL. Kwa hiyo kila shamba lipimwe peke yake.

Na ikiwa miti yote ni KK? Hapo chembe hiyo haina la kupimwa. Hilo si ajabu kwa mkarafuu: asili yake ni Maluku, Wafaransa wakautoa huko mnamo 1770 kuupeleka Mauritius, na Unguja ukafika mwanzoni mwa karne ya 19. Safari zote hizo zilikuwa za miche na mbegu chache. Ikiwa chembe nyingine nazo zitaonekana hivyo hivyo, maradhi yauayo mti mmoja yaweza kuua shamba zima, na hapo dawa ni kutafuta mbegu nje ya shamba.