Nguvu Iliyofichika Ndani ya Ua la Pareto

Wakulima wawili wa nyanda za juu waweza kupeleka pareto mahali pa kununulia, magunia yao yakiwa na uzito ulio sawa, na maua yao yakifanana kwa macho, lakini wakalipwa fedha zisizo sawa. Aliyepata kidogo aweza kudhani kuwa ameonewa. Lakini kinachotafutwa na mnunuzi si uzito wa maua peke yake, bali ni dawa iuayo wadudu iliyomo ndani yake. Dawa hiyo haionekani kwa macho; hupimwa na mtaalamu wa kemia.

Ua la pareto lina vitu vingi: nyuzi, nta, mafuta na rangi. Dawa yenyewe ni kidogo sana, yapata kilo 1 au 2 katika kila kilo 100 za maua makavu, na nyingi hukaa katika mbegu changa zilizo katikati ya ua. Basi kazi ya kwanza ni kuitenga na vitu vingine.

Atakaye tui hukuna nazi, akaitia maji, kisha akachuja. Mtaalamu naye hufuata njia kama hiyo, ila hatumii maji, kwa kuwa dawa ya pareto haiyeyuki katika maji, kama vile doa la mafuta lisivyotoka kwa maji matupu. Maua husagwa yakatiwa katika heksani, ambayo ni kimiminiko chepesi kitokanacho na mafuta ya petroli. Heksani huichukua dawa na kuacha makapi. Kisha heksani huondolewa kwa mvuke, yakabaki mafuta mazito.

Hata hivyo mafuta hayo bado ni mchanganyiko. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alijaza unga wa chaki katika bomba la kioo, akamimina juu yake maji ya rangi za majani. Rangi nyingine zilishikwa sana na chaki, nyingine kidogo. Kwa hiyo zilishuka kwa mwendo mbalimbali, zikajipanga tabaka tabaka, kijani mbali na manjano mbali. Njia hiyo yaitwa kromatografia, na hata leo ndiyo itumikayo kupima pareto, ingawa vyombo vyake vimebadilika.

Lakini kutenga si kutambua. Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, waliofanya kazi hiyo Zurich, Uswisi, waliivunja dawa ya pareto, wakaona kuwa imeundwa kwa asidi na alkoholi zilizoungana. Mwaka 1924 walitangaza kuwa dawa hiyo ni ya namna mbili, pirethrini ya kwanza na ya pili. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani waligundua sinerini mbili, na katika miaka ya 1960 zikajulikana jasmolini mbili. Hivyo kilichodhaniwa kuwa kitu kimoja kilikuwa vitu sita.

Elimu hii yamhusu mkulima mwenyewe. Gunia la kilo 50 ambalo kila kilo 100 za maua yake zina kilo 1.8 za dawa, litatoa gramu 900. Lile lenye kilo 1.2 katika kila 100 litatoa gramu 600 tu. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na aina ya mche, na sehemu hutokana na kazi ya mikono. Maua yaliyochumwa kabla ya kufunguka huwa na dawa kidogo. Yaliyorundikwa mabichi huchacha, na joto kali mno la kukaushia hupunguza nguvu.

Basi yafaa mkulima achume maua yaliyofunguka vema, ayaanike siku ile ile kwa tabaka nyembamba, na ayaweke mahali pakavu mpaka siku ya kuuza. Akifanya hivyo, kipimo cha mtaalamu kitakuwa shahidi wa kazi yake njema.